Springi Hubeba, Shokapu Hutuliza

Sisi walimu wa lugha tumezoea kuulizwa habari za ngeli, za viambishi na za maana za methali. Ni mara chache sana kuitwa gereji. Walakini lugha haikai darasani peke yake. Sehemu kubwa ya maisha yake imo sokoni, shambani, bandarini, na chini ya magari yaliyoinuliwa kwa jeki. Katika makala haya twapenda kuwaeleza walimu wenzetu na wanafunzi wao habari za kazi moja iliyotupeleka huko: kazi ya kuibadilisha miguu ya gari la zamani lililotiwa injini mpya. Kazi hiyo ilituonyesha kwamba neno lililowekwa pasipo mahali pake laweza kumwua mtu.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, gari la michezo lenye milango miwili, viti viwili na boneti ndefu, ambalo kampuni ya Nissan ilianza kuliuza mwishoni mwa mwaka 1969. Uzito wake ni kama tani moja tu. Injini yake ya asili ilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Katika Afrika Mashariki jina la gari hili lina heshima ya pekee. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na ambazo kwa miaka mingi zilipita katika nchi zetu tatu, zilishindwa na gari hili mara mbili: mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, aliyezaliwa hapa Uganda. Sisi tulizaliwa baada ya ushindi huo, lakini wakubwa wetu walitusimulia jinsi walivyosimama kando ya njia ya vumbi wakingoja sauti yake.

Basi mpwa wetu, kijana wa miaka ishirini na saba, alilipata gari la namna hiyo huko Jinja, limekaa chini ya mwembe miaka mingi, injini yake imekufa. Alilileta Kampala juu ya lori. Badala ya kuifufua injini ya zamani, alinunua nyingine iliyotumika, iliyoletwa kutoka Japani: ile iitwayo RB25DET, iliyotoka katika Nissan Skyline ya miaka ya 1990. Nayo ina silinda sita, lakini ina tabo, na kiwandani ilipewa nguvu za farasi 250. Ile ya asili ilikuwa na kama 150 tu. Mafundi walichomelea vishikio vipya, wakaiketisha. Siku ilipowaka, vijana wa mtaa walipiga makofi.

Dada yetu, mamake kijana, hakupiga makofi. Mumewe, marehemu shemeji yetu, alifariki katika ajali ya gari katika njia ya Masaka mwaka 1999, wakati mtoto huyo alipokuwa bado hajajifunza kutembea. Alitujia jioni moja akatuambia, "Kaka, mimi sijui magari. Wewe umesoma. Nenda ukaangalie kama mtoto huyu anajua anachokifanya." Tukamjibu kwamba stashahada yetu ni ya ualimu, si ya injini. Akasema, "Kusoma ni kusoma." Hapakuwa na jibu la neno hilo, tukaenda.

Tulimkuta fundi mkuu, mtu mzima aliyetoka Bukavu, mwenye maneno machache na mikono iliyojaa makovu ya kazi. Alitusikiliza, kisha akasema, "Mwalimu, moteri si kitu. Kazi iko katika miguu." Akatueleza kwamba gari lililoundwa kuchukua nguvu za farasi 150 halijui la kufanya na 250. Litakimbia, ndiyo, lakini likifika penye kona litalala ubavu, likifunga breki litainamisha pua, na likipita juu ya mashimo litarukaruka hata magurudumu yasiishike barabara. Watu hutazama injini kwa sababu ina kelele. Kinachomrudisha dereva nyumbani hakina kelele.

Miguu ya gari hili ni ya springi za kuzunguka, moja kwa kila gurudumu. Mbele imetumika namna iliyobuniwa na mhandisi wa Kimarekani, Earle MacPherson, ambamo springi na shokapu huungana kuwa mguu mmoja wima. Nyuma imetumika namna inayofanana na hiyo, iliyopewa jina la Colin Chapman, mwasisi wa Lotus. Fundi aliyafahamu yote hayo kwa mikono. Shida ilikuwa kwamba kitabu cha matengenezo kilikuwa cha Kiingereza, na yeye alisoma Kiswahili vizuri, Kifaransa kidogo, na Kiingereza hata kidogo. Mpwa wetu naye ana Kiingereza na Kiganda, lakini Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Wawili hao waliaminiana, ila hawakuelewana kwa undani ambao kazi ile ilihitaji. Hapo ndipo tulipopata kazi yetu: kuzitafsiri kurasa kumi na nne za miguu ya gari.

Jambo la kwanza lilikuwa jina. Mafundi wengi wa upande wetu husema shokapu, neno lililotoka katika Kiingereza, lenye maana ya kitu kinachomeza mshtuko. Fundi wetu alisema amortiseri, kutoka katika Kifaransa, lenye asili ya kufifisha au kufisha. Tulidhani ni tofauti ya mipaka tu, mpaka yeye alipotuuliza, "Mwalimu, mshtuko unamezwa na nani?" Tukatazama. Gurudumu likigonga jiwe, anayeumeza mshtuko ni springi: hujibana, ikaiweka nguvu ile ndani yake. Lakini springi haijui kusahau. Huirudisha nguvu ileile, gari likapanda, likashuka, likapanda tena. Kazi ya shokapu ni kuzuia marudio hayo. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu membamba, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto, ikapotea hewani. Kwa hiyo neno la Kifaransa limeitaja kazi kwa haki kuliko lile la Kiingereza. Tuliliacha neno shokapu, kwa kuwa ndilo linalofahamika dukani, lakini juu ya ukurasa wa kwanza tuliandika sentensi moja: Springi hubeba, shokapu hutuliza.

Sentensi hiyo iliamua ugomvi uliokuwapo. Mpwa wetu alitaka springi ngumu kuliko zote na fupi kuliko zote, ili gari likae karibu na ardhi kama magari ya pichani. Fundi alikataa. Tulimsaidia kueleza kwa hesabu ndogo ambayo hata wanafunzi wetu wangeweza kuifanya. Robert Hooke alikwisha kuonyesha mwaka 1678 kwamba springi hujivuta au hujibana kwa kadiri ya nguvu inayoipata. Tuseme springi moja yabeba kilo 250, na ugumu wake ni newtoni 25 kwa kila milimita. Itazama karibu milimita 98, na ikiguswa itatikisika kama mara 1.6 kwa sekunde. Ukiufanya ugumu huo mara mbili, itazama milimita 49 tu, na mtikisiko utapanda kufikia kama mara 2.25 kwa sekunde. Juu ya lami laini gari litashika kona vizuri zaidi. Lakini juu ya murramu gurudumu halitapata nafasi ya kulifuata shimo, litaruka juu yake. Na gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Tena springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi, nayo shokapu ya zamani haiwezi kuituliza. Anayebadilisha ya kwanza hana budi kubadilisha ya pili.

Kijana aliuliza, "Mjomba, kwa nini basi lisishushwe tu?" Fundi akamwonyesha. Gari likishushwa sana, mikono ya chini inayoshika magurudumu huinama vibaya, na kila gurudumu linapopanda hujigeuza lenyewe ingawa dereva ameutuliza usukani. Hurekebishwa kwa kutia vipande vya chuma kati ya mguu na mkono wa chini, lakini hata dawa hiyo ina mpaka. Vivyo hivyo bushi za mpira. Zile za plastiki ngumu huliimarisha gari; walakini katika fimbo ya chuma inayouzuia mkono wa mbele usiende mbele wala nyuma, wenye magari haya wamejifunza kuacha mpira upande mmoja, kwa maana fimbo isiyopata nafasi ya kucheza huchoka ikakatika. Mwishowe walikubaliana: springi za ugumu wa kati, shokapu mpya zinazoweza kukazwa na kulegezwa, na gari kushushwa kidogo tu.

Jambo la pili, nalo ndilo zito, lilikuwa mpangilio wa sentensi. Katika ukurasa wa kuufungua mguu wa mbele palikuwa na agizo lililojengwa hivi: ondoa nati ya juu baada ya kuibana springi kwa vibanio. Kwa sarufi halina kosa. Lakini msomaji wetu hasomi akiwa ameketi kitini. Asoma ukurasa ukiwa sakafuni, spana mkononi, akitenda kila neno analolifikia. Nati ile ya juu ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa. Mtu akiilegeza kabla ya vibanio kuishika springi, chuma kile hufyatuka kwa nguvu inayoweza kuvunja taya au kuua. Katika sentensi hiyo tendo la hatari limetangulia, na ulinzi umefuata nyuma.

Tuliandika hivi: "Kwanza funga vibanio viwili, kimoja kila upande wa springi. Kaza kwa zamu mpaka springi icheze katika kiti chake. Hakikisha inacheza. Ndipo ulegeze nati ya juu." Sentensi moja imekuwa nne. Huenda mkaguzi wa tafsiri angetulaumu kwa kuyazidisha maneno. Fundi alizisoma kwa sauti, kidole chake kikifuata mistari, akazisoma mara ya pili, kisha akamwita mwanafunzi wake, kijana wa miaka kumi na sita, akamwambia azisome naye. Tulimsikia yule kijana akirudia, "Hakikisha inacheza. Ndipo." Siku iliyofuata ni yeye aliyeifanya kazi ile kwa mikono yake, fundi akiwa amesimama pembeni. Springi zote nne zilitoka na kurudi, wala hakuna aliyeumia.

Gari lilipokuwa tayari, dada yetu alikuja. Hakuuliza habari za farasi 250. Aliuliza kama mtoto wake anaweza kulisimamisha penye kona mbaya. Fundi alimjibu, "Mama, panda." Wakaenda polepole mpaka nje ya mji, wakapita sehemu ya lami na sehemu ya murramu, wakarudi. Alishuka bila kusema neno, akaliweka begi lake begani, akagusa paa la gari kwa kiganja kama mtu anayegusa bega la mtoto. Kisha akatuuliza ikiwa chai ipo.

Walimu wenzetu, wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mara nyingi twawafundisha wanafunzi wetu kutunga barua ya kuomba kazi na insha ya safari ya mbugani, nayo ni mambo mema. Yafaa pia tuwafundishe kuandika agizo: dawa inywewe vipi, waya wa umeme ukatwe wapi, nati ipi itangulie. Huko ndiko sarufi ya wakati na ya mfuatano, yaani kwanza, kabla, ndipo, mpaka, huonyesha thamani yake, kwa sababu msomaji hatatusahihisha kwa wino mwekundu. Waombeni mafundi wa mtaa wenu wawapokee wanafunzi kwa saa moja, wayasikilize maneno yao bila kuyacheka, wawe ni wa shokapu au wa amortiseri; kisha wawaandikie ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao mtu anaweza kuutenda akiusoma, naye asipate dhara.