Kijani si Rangi ya Ukuta

Wahenga walinena kuwa ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaitumia katika insha nyingi na kuzolea alama. Maana yake, hata hivyo, nilikuja kufunzwa na mtungi wa maji.

Kabla ya kujiunga na chuo, na hata baadaye nyakati za likizo ndefu, nilikuwa msaidizi katika afisi ya wakala wa nyumba mjini Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kuwatembeza wapangaji na kuandika matangazo. Mpangaji alipotia sahihi, afisi ilipokea ada yake, nami nikapata changu. Pasipo sahihi hapakuwa na ujira.

Siku moja tulipewa nyumba ya orofa tatu tuitafutie wapangaji. Mwenyewe alikuwa ameupaka ukuta wa mbele rangi ya kijani, akapanga vyungu vinne vya maua mlangoni na kusimamisha tangi kubwa jeusi pembeni. Akataka yaandikwe kuwa ni makazi ya kijani. Nami, kwa mbwembwe za kijana aliyesifiwa na walimu wake wa lugha, nikaandika: "Makazi ya kijani, maji ya mvua, upepo wa bahari." Kwamba paa halikuwa na mlizamu wa kuyafikisha maji tangini niliona kwa macho yangu mawili. Sikuliandika.

Aliyevutwa na tangazo lile alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa makamo ya nyanya yangu. Alikuwa akihama Mji wa Kale, kutoka nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa ambayo warithi wenzake walikuwa wameamua kuiuza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ni msomi wa Kiswahili. Hebu nieleze, hicho kijani mulichokiandika maana yake ni nini?"

Sikusita. "Neno lenyewe latokana na jani, mwalimu. Ni nyumba iishiyo kama jani: hupokea jua, mvua na upepo, wala haichukui zaidi ya haja yake."

Alinitazama kitambo, akatabasamu, akatia sahihi. Waama, jibu langu lilikuwa zuri. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo.

Mwezi mmoja baadaye, mvua za vuli zikiwa zimeanza, nilimpelekea stakabadhi yake. Ilikuwa alasiri. Dirisha la sebule lilitazama magharibi, na jua lilikuwa limeingia hadi ukuta wa pili. Mombasa iko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, na jua lake hupita karibu na utosi likielekea machweo. Dirisha la magharibi hulipokea lote. Wajenzi wa kale walijua haya. Kuta zao nene zilichelewa kupata joto, na vichochoro vyao vyembamba viligawiana vivuli. Kwingineko, dirisha la kaskazini likikabiliana na la kusini, nyumba huweza kupitiwa na upepo, uwe wa kaskazi au wa kusi. Mimi, wakala mzima, sikuwahi kuuliza dirisha linatazama wapi.

Ndani ya joto lile, mwalimu alikuwa ameipanga nyumba yake. Juu ya meza, chakula kilifunikwa kwa kawa ya miyaa, isiyopitisha nzi lakini ikiruhusu mvuke kutoka. Kifumbu cha kukamulia tui kilining'inia msumarini, kando ya upawa wa kifuu. Nyuma ya mlango palikuwa na kikapu chake cha sokoni. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, wengi wetu tulihangaika. Yeye hakuwa na la kubadilisha. Jikoni aliteleka juu ya jiko la bati lililotiwa udongo ndani, lile lililoanza kuenea nchini miaka ya 1980 kwa mikono ya mafundi wa jua kali. Udongo ule huzuia moto usipotee ubavuni, na makaa yakadumu. Katika roshani, ndoo kuukuu zilizotobolewa chini zilikuwa zimeota mchicha na mnavu, akizinywesha maji aliyooshea mchele.

Na pembeni, penye kivuli, ulikuwepo mtungi. Akachota kwa kata, akanipa.

"Kunywa, mwanangu. Tangi lenu halina maji, lakini mtungi wangu unayo."

Maji yalikuwa baridi, bila stima wala barafu. Siri yake ni vinyweleo vya udongo: maji hupenya kidogo kidogo hadi nje, yakageuka mvuke, na mvuke huo ukaondoka na joto la yaliyosalia ndani. Nilikunywa nikiwa nimeinamisha kichwa.

Akaendelea kwa sauti ile ile ya upole: "Usiku wa juzi mvua ilinyesha. Nilisimama hapa roshani nikayaona maji yakishuka kando ya tangi, yakienda zake."

Msomaji mpenzi, piga hesabu nami. Paa la mita mraba 100 likinyeshewa milimita 10 tu hupokea lita 1,000 hivi. Na huu ni mji ambao maji yake ya mifereji husafiri kutoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na ambako visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Tungo langu lilikuwa limemwahidi mvua, nayo mvua ilikuja kutimiza ahadi. Aliyekosekana ni mimi.

Nilikwenda kwa mwenye nyumba. Akaniambia kwamba asiyeridhika milango i wazi. Basi nusu ya ujira nilioupata kwa sahihi ya mwalimu ikanunua mlizamu na kumlipa fundi. Kazi ilipokamilika nilimpelekea habari nikitarajia shukrani. Hakunishukuru. Aliniuliza tu, "Na lile tangazo, umelirekebisha?"

Nililirekebisha. Baada ya hapo nikawa naandika mambo yalivyo: dirisha hili latazama magharibi, maji ya mfereji hayaji kila siku, roshani yatosha ndoo sita za mboga. Wateja wawili waliyasoma wakaenda zao. Wa tatu alikuja kwa ajili ya ndoo sita. Mkuu wa afisi aliniuliza kama nimetumwa kuwafukuza watu, na likizo iliyofuata sikuitwa.

Leo mtu akiniuliza ni vitu gani vya kijani nivipendavyo kwa nyumba na kwa meza, simtajii rangi. Namtajia mtungi, kawa, kikapu cha miyaa, jiko lenye udongo, mlizamu ufikao tangini, na sahani ya mnavu uliochumwa roshani. Vyote hivi vina majina katika lugha yetu kwa sababu viliishi nasi. Hatukuhitaji kuvitungia istilahi.

Wanachama wenzangu, wengi wetu tutaajiriwa kwa sababu ya ufasaha wetu. Tutaandika matangazo, hotuba na ripoti, na watu watayaamini maneno kwa kuwa yamesemwa vizuri. Mwalimu yule hakughilibiwa na rangi ya ukuta. Rangi aliiona mwenyewe, wala haikumshawishi. Kilichomghilibu ni maelezo yangu kuhusu jani. Kila nikikaa kuandika, naisikia kata ikigonga mdomo wa mtungi, na najiuliza kama neno nililolishika lina maji ndani yake.