Stempu Ndogo Katika Safari Ndefu

Wako watu wadhanio kwamba kutuma stempu chache kwa posta ni kazi ya dakika moja: kuzitia katika bahasha na kuifunga, basi. Sisi tuzikusanyao pamoja na wanafunzi wetu hapa Kalehe twaona sivyo.

Stempu za kale ni kumbukumbu ya nchi. Za kwanza za Kongo zilitolewa mwaka 1886. Nyingine zina muhuri wa Costermansville, jina ambalo mji wa Bukavu uliliacha katika miaka ya 1950. Kijana aonaye muhuri huo husadiki yale aliyosimuliwa na babu yake. Mtu mmoja wa ng'ambo alikubali kubadilishana nasi stempu ya namna hiyo. Ilifika, lakini alikuwa ameibandika juu ya kadi kwa utepe wa gundi. Tulipoibandua polepole, uso wake ulichanika, na nusu ya muhuri ikabaki kwenye utepe. Wanafunzi walinyamaza kimya. Hasara kama hiyo hailipiki kwa fedha.

Basi, yafaa kila mtumaji ashike mambo matatu. Kwanza, azifunge stempu katika karatasi laini, kisha aziweke kati ya vipande viwili vya karatasi ngumu. Utepe ushike karatasi ngumu tu, usiguse stempu kamwe. Tena azikinge na unyevu, kwa maana stempu yenye gundi mgongoni hunata upesi.

Pili, aangalie vipimo. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, umeagiza kwamba barua ndogo isizidi urefu wa milimita 245, upana wa 165, unene wa 5, wala uzito wa gramu 100. Sababu yake ni wazi: mashine za posta huzipitisha barua mahali pembamba, nazo huzipinda. Bahasha yenye pini au uvimbe hukwama, ikaharibu hata barua za wengine.

Tatu, aseme kweli. Stempu zinazouzwa ng'ambo ni bidhaa. Hapana budi zitangazwe katika fomu ya forodha iitwayo CN 22. Sarafu na noti za kale zisifichwe ndani ya barua ya kawaida.

Tuwafundishe watoto wetu uangalifu huo. Anayeingoja barua hatumwoni, lakini kazi ya mikono yetu ataiona.