Pawaso ya Kuni

Nilijua kunoa pawaso kabla sijaangusha mti hata mmoja. Kazi yangu ya kwanza Nairobi ilikuwa katika kibanda cha kutengeneza injini ndogo kwenye Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Zilikuja jenereta, pampu za maji, mashine za nyasi, na pawaso zikiwa zimejaa unga wa mbao hadi kwenye klachi. Mzee aliyenifunza alinikabidhi tupa na mnyororo butu, akanikataza kushika bisibisi mpaka mkono uzoee kunoa.

Tupa ya mviringo hupita kwenye jino kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, ikisukumwa mbele tu bila kuvutwa nyuma. Unamaliza meno ya upande mmoja, ndipo unageukia ya upande wa pili. Mnyororo mwembamba wa pawaso nyepesi unataka tupa ya milimita 4. Ule wa inchi 3/8 wa mashine kubwa unataka ya milimita 5.2. Ukishika tupa nene kwa jino dogo, unalimaliza. Matokeo unayaona chini: mnyororo mkali hutema vipande, butu hutema unga. Wateja wengi walifika wakilalamika kwamba mashine yao haina nguvu na wanataka kubwa zaidi. Tulinoa, wakajaribu kwenye gogo lililokuwa nje ya kibanda, wakarudi nyumbani na mashine ile ile.

Jambo la pili alilonifunza ni hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na vitongoji vya magharibi vinazidi kupanda. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo pawaso ikifika Karen imeshaacha njiani karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu iliyoandikwa kwenye boksi. Iliyopimwa Mombasa, huku inakunywa petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo: moshi, plagi nyeusi, mngurumo mzito. Iliyopimwa Limuru, ukishuka nayo pwani bila kuirekebisha, inachemka na pistoni inakwaruzika. Mashine za kazi zina skrubu za kabureta unazoweza kuzigeuza ukiwa shambani. Baadhi ya zile nyepesi zimefungwa kiwandani, na fundi hana la kufanya. Hiyo ni tofauti kubwa kwa mkazi wa nyanda za juu, na wauzaji wachache sana huitaja.

Baadaye nilitoka kibandani nikaanza kukata mwenyewe, makao yangu yakiwa Dagoretti Corner. Kuni zina soko huku. Julai ikifika, nyumba za Karen na Lang'ata huwasha moto wa sebuleni kila jioni, na sehemu za nyama choma hazingoji baridi. Miti ni ya bustani: mgrivea, saiprasi za uani zilizoachwa zikawa ndefu, mikaratusi, muthanduku. Saiprasi hurusha cheche, kwa hiyo mwenye zulia simuuzii. Mkaratusi upasue ungali mbichi, maana ukikauka shoka linaruka. Muthanduku ndio kuni yenyewe: mzito, makaa yake yanakaa, na mnyororo unachoka nao.

Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, kazi ya bustani iliongezeka. Marufuku ile ilitangazwa ya siku 90 lakini ikarefushwa kwa miaka. Waliokuwa wakitegemea magogo ya msituni wakawa wanapiga hodi kwenye mageti kama sisi, na wengi walikuja na mashine kubwa za kupasulia mbao. Nilifanya kazi bega kwa bega nao, na hapo ndipo msimamo wangu kuhusu ukubwa wa mashine ulipokomaa.

Chukua Stihl MS 170: cc 30, kilo nne na kidogo. Kwa matawi na magogo yanayokaribia unene wa paja, inatosha kabisa. Mwenye nyumba anayekata mgrivea ulioangushwa na mvua za Aprili hahitaji zaidi. MS 381 ni cc 72, kilo sita na nusu bila bapa wala mnyororo. Hiyo ni ya shina nene lililolala chini. Halafu kuna ile 070 ya zamani, cc 106, zaidi ya kilo kumi. Ni mashine ya heshima, imepasua mbao nyingi katika nchi hii. Lakini kumpa kijana akatie kuni siku nzima ni kumwonea. Mtetemo unaingia kwenye vidole, na baada ya miaka vinageuka vyeupe na kufa ganzi asubuhi za baridi. Nimesalimiana na mikono ya namna hiyo. Tajiri anayekodisha mashine hahesabu gharama hiyo, na inaniuma kila nikiona kibarua aliyevaa ndala ameibeba.

Ila nyepesi nayo ina mpaka wake. Mwili wake ni plastiki sehemu kubwa, na haikuundwa kunguruma kutwa juu ya muthanduku. Ya kazi ina kasha la magnesi, springi za kupunguza mtetemo, na pampu ya oili unayoweza kuiongeza mti ukiwa mgumu. Silinda ikichoka unabadilisha, mashine inaendelea.

Juzi alikuja kijana wa Kawangware anayeanza biashara ya kuni. "Mzee, nina pesa ya moja tu. Nichukue ndogo mpya au kubwa iliyotumika?" Nikamwambia achukue ya kazi, ya katikati, cc 50 hadi 60, hata kama imetumika. Tulizunguka naye Kirinyaga. Nilimwonyesha kuishika mashine iliyozimwa kwa kishikio cha kamba ya kuwashia na kuiacha ining'inie: ikishuka polepole kwa kushtukashtuka, kompresheni ipo, ikiporomoka, rudisha. Ya kwanza iliporomoka. Ya pili ilishuka vizuri, tukafungua ekzosi tukamulika pistoni kwa simu, haikuwa na mikwaruzo. Muuzaji alitaka kumwongezea bapa refu kwa bei nafuu. Tukakataa, tukachukua la inchi 18, na pesa iliyobaki ikanunua buti, vizibo vya masikio na suruali ya kinga, ambayo kijana aliivaa papo hapo dukani kuona kama anaweza kuchuchumaa nayo.