Mita Thelathini za Kwanza

Nilizaliwa Bashay, Mbulu, kwa wakulima wa vitunguu saumu. Maisha yangu ya kazi yalikuwa Arusha, kwanza katika Tume ya Taifa ya Mionzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, kisha kwa mrithi wake, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyotokana na Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Wazee wa nyumbani waliponiuliza nafanya nini hasa, niliwajibu hivi: siku chanzo cha mionzi kikipotea, kikiibwa au kikipasuka, kazi yangu ni kuhakikisha kila mhusika wa serikali anafika na anajua la kufanya.

Wengi wakisikia neno nyuklia huwaza Chernobyl. Nchi yetu haina mtambo wa umeme wa nyuklia. Vyanzo vyetu viko hospitalini, viwandani, migodini, hata kwenye magari ya wajenzi wa barabara, wanaotumia kifaa chenye sesiamu-137 na amerisiamu-241 kupimia kama udongo umeshindiliwa vya kutosha. Kilichoninyima usingizi ni biashara ya vyuma chakavu. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, mashine ya tiba ya saratani iliyotelekezwa ilibomolewa, chuma chake kikauzwa, na unga wa sesiamu uliong'aa rangi ya buluu ukagawiwa ndugu na majirani. Watu 4 walifariki, mmoja wao mtoto wa miaka 6. Zaidi ya watu 112,000 walipimwa, na 249 wakakutwa na uchafuzi.

Ndiyo maana sikuidharau simu ya afisa wa polisi kutoka mji mmoja wa kaskazini. Kwenye uwanja wa vyuma chakavu palikuwa na sanduku la manjano, zito kuliko umbo lake, lenye alama ya mionzi ya mapanga matatu. Kabla hatujawasha gari nilimwomba mambo matatu: awasogeze watu mita 30 kila upande, aandike majina ya wote waliolishika, na asimruhusu yeyote kula wala kuvuta sigara pale.

Tulifika jua likiwa kali. Kijana wa mkokoteni aliyelibeba sanduku alikuwa amekaa peke yake chini ya mwarobaini; wenzake walikwisha kumkimbia. Nilisogea polepole, kipima mionzi mkononi, nikisoma namba kila baada ya hatua chache. Zilipanda karibu na sanduku tu. Kufuli lilikuwa zima na chanzo kimo ndani ya kinga yake. Tukampima kijana kuanzia viganja hadi nyayo. Alikuwa safi. Nikamshika mkono mbele ya watu wote, kwa makusudi, ili waone.

Sanduku tuliliondoa mapema. Uvumi ndio uliotuweka hadi usiku: mara maji yana sumu, mara nyama ya mnadani isiliwe. Tukakubaliana kwamba polisi walinde eneo, mganga mkuu wa wilaya ahudumie watu, sisi tupime, na mkuu wa wilaya peke yake atangaze, akisoma vipimo vyetu. Sauti ikiwa moja, watu hutulia. Goiânia, hata mazao yasiyo na doa yalikataliwa sokoni, na mazishi yalipingwa kwa mawe makaburini. Mimi mtoto wa wakulima naelewa maana yake: uvumi wa siku moja ungeweza kuozesha vitunguu saumu vya Bashay vya msimu mzima.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliposhuka mjini Katesh na kuua watu zaidi ya 80, serikali kuu ilikuja kwa nguvu, lakini majirani ndio waliotangulia. Ajali ya mionzi nayo itakuwa hivyo hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua ngazi zote, kuanzia taifa hadi kijiji. Wataalamu wakitoka Arusha watakuta saa za mwanzo zimekwisha pita mikononi mwa mtendaji wa kijiji, mgambo na muuguzi wa zahanati.

Kwa hiyo naziomba halmashauri za Mbulu na Hanang ziwafundishe watu hao mambo machache. Majeruhi aokolewe kwanza, bila kungoja kipimo. Kumvua nguo za nje huondoa sehemu kubwa ya uchafuzi. Mtu aliyepigwa picha ya eksirei haambukizi mionzi. Na chuma kizito chenye alama ya mapanga matatu kisiguswe wala kufunguliwa: watu wasogezwe mita 30, polisi waitwe kwa 112. Mafunzo hayo ni ya siku moja tu, na yanaweza kuokoa kijiji kizima.