Zamu ya Kilicho Kimya

Penye kisima kimoja na makundi mengi ya ng'ombe hapakosi zamu, na penye zamu hapakosi manung'uniko. Mtu mmoja aliyezaliwa na kukulia Shinyanga, katika nchi ya pamba na mifugo, alilijua jambo hili tangu utotoni, alipokuwa akipeleka ng'ombe wa babaye kwenye lambo wakati wa kiangazi. Aliona kwamba wenye sauti kubwa na fimbo ndefu walitangulia kunywesha, na kwamba ng'ombe watatu wa mjane mmoja waliyafikia maji yakiwa yamekwisha kuwa tope. Kisha akaona mzee mmoja akija kukaa kando ya lambo kila asubuhi, hana fimbo wala hapazi sauti, akiita kundi moja moja kwa jina la mwenyewe. Siku aliyomwita mjane kwanza, wenye makundi makubwa walikasirika. Mtoto alimwuliza mzee sababu ya tendo lake.

"Mjukuu wangu," mzee alijibu, "ng'ombe wengi hujiita wenyewe. Wachache lazima waitwe."

Leo mtoto yule ni mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na kazi yake ni kupanga zamu. Lakini vinavyongojea zamu si ng'ombe tena. Yuko katika mgodi mmoja wa ukanda wa dhahabu wa Geita, na kila jioni huandika ni ndege ipi isiyo na rubani itakayoruka kesho, ipae wapi, saa ngapi, kwa mkono wa nani na kwa betri zipi. Watu wa mgodini huiita ndege hiyo droni. Mwenye kuiona ikivuma juu ya shimo hudhani kuwa inakwenda kwa hiari yake, kama mwewe. Hajui kwamba mruko wake wa nusu saa ulikuwa mstari mmoja katika daftari tangu jana, na kwamba mstari huo ulifutwa na kuandikwa tena mara tatu.

Jina la ndege isiyo na rubani lina udanganyifu ndani yake. Rubani hakuondoka, ameshuka kutoka angani akasimama ardhini. Kando yake lazima awepo mtazamaji, ambaye macho yake hayabanduki mbinguni wakati wenzake wanatazama kioo. Nyuma yao yuko fundi mwenye kukagua mapanga na mota, mpima ardhi mwenye kuweka alama chini ili picha zipate mahali pake, na mtu wa kuunganisha picha mamia kwa mamia katika kompyuta mpaka zitoe umbo la nchi. Chombo kisichofika uzito wa kilo mbili huinuliwa na watu watano. Mataifa yaliyokutana Chicago mwaka 1944 kuandika mkataba wa usafiri wa anga yaliliona jambo hili mapema. Katika kifungu cha 8 walikubaliana kwamba ndege inayoweza kuruka bila rubani isipite juu ya nchi ya mwingine bila ya idhini maalumu. Tanzania nayo ilitunga kanuni za vyombo hivi mwaka 2018, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Maana ya sheria zote hizi ni moja: chombo hakina mtu ndani yake, lakini hakiwezi kukosa mtu wa kuulizwa.

Ukanda huu una kazi nyingi za kuangaliwa kutoka juu. Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, almasi iligunduliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson, na shimo lake limekuwa likichimbwa tangu wakati huo. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Mahali kama hapo yapo mashimo ya wazi yanayoshuka kwa ngazi, marundo ya mawe yenye dhahabu, milima ya magwangala, ambayo ni mawe yaliyotupwa, na mabwawa ya topesumu, ambayo hupokea mabaki ya kinu. Zamani mpimaji alizunguka vitu hivi kwa miguu akibeba fimbo na darubini, akipanda vifusi vinavyoporomoka chini ya kiatu chake. Siku hizi droni humpunguzia hatari hiyo. Hupiga picha zinazopandana, hata kila kipande cha ardhi kikaonekana katika picha nyingi, na kutokana na picha hizo hupatikana ujazo wa rundo na mwinamo wa ukuta.

Lakini anga, ijapokuwa pana, ina milango myembamba. Nchi hii iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Mapanga hulazimika kuzunguka kwa nguvu nyingi kuliko yangalivyozunguka pwani, na betri huchoka mapema. Betri iliyoahidiwa na kiwanda dakika 40 haipangiwi dakika 40 na mtu mwenye akili, kwa sababu chombo lazima kirudi kikiwa na akiba. Betri iliyotoka angani haitiwi umeme mpaka ipoe. Ikiachwa imejaa siku nyingi katika joto huzeeka, na ikikaushwa kabisa huharibika. Asubuhi mapema hewa hutulia, lakini vivuli virefu huficha kingo za shimo. Mchana vivuli hufupika, lakini upepo huamka pamoja na vumbi. Tena kuna saa ya baruti, ambapo king'ora hulia na watu wote huondolewa. Na baada ya mlipuko droni hutakiwa itangulie, iangalie kama ipo baruti iliyokataa kulipuka, kabla mguu wa mtu haujafika hapo. Kuna pia saa ya ndege ya abiria kutua katika kiwanja cha mgodi, na wakati huo kila kilicho angani lazima kishuke. Ukiyaondoa hayo yote, muda mwema uliobaki ni mfupi kama kivuli cha adhuhuri, na waombaji wake ni wengi.

Ugumu huu si wa Geita peke yake. Mwaka 2018 kulifanywa majaribio ya kupeleka dawa kwa droni kutoka bara kwenda kisiwa cha Ukerewe, ng'ambo ya maji ya Ziwa Viktoria. Safari ya kilomita 60 ilichukua wastani wa dakika 40, nayo kwa barabara na kivuko huchukua saa nyingi. Watu walisifu mbio za chombo, na walikuwa na haki. Lakini dawa haiokoi mtu kwa kufika upesi tu. Lazima kisiwani awepo wa kuipokea, iwepo betri ya kurudia, na chombo kirudi na sampuli za wagonjwa badala ya kurudi kitupu. Mbio ni za chombo. Kufika kwa wakati ni kwa mpangaji.

Hesabu imekuja kumsaidia mpangaji. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig alibuni njia ya kugawa vitu vichache kwa mahitaji mengi bila ya kupoteza, na mwaka 1954 yeye na mwenziwe Fulkerson walionyesha jinsi ya kutafuta idadi ndogo kabisa ya meli za mafuta inayotosha kutimiza ratiba iliyowekwa. Elimu ya namna hiyo sasa imo ndani ya kompyuta iliyo juu ya meza ya mtu wetu. Akiipa idadi ya ndege, betri, warushaji na saa, humpangia siku nzima kabla chai yake haijapoa. Jambo moja tu kompyuta haimpi, humwomba yeye: uzito wa kila kazi. Hapo lazima aandike tarakimu kwa mkono wake mwenyewe, kwamba hii ni ya kwanza na ile ni ya mwisho. Tarakimu hiyo ni hukumu, na hakuna hesabu iwezayo kumpokea mzigo wake.

Jioni moja ya mwisho wa mwezi, katika siku za mvua, madai manne yalikuwa mezani pake. Wapimaji walitaka marundo yote ya mawe yenye dhahabu, kwa sababu hesabu ya mwezi hufungwa nayo, na wakubwa hungojea hesabu hiyo kwa simu. Wachimbaji walitaka shimo baada ya mlipuko wa saa saba. Idara ya mazingira ilitaka picha za miti iliyopandwa juu ya kifusi cha zamani. La nne halikuletwa na mtu. Lilikuwa mstari wake mwenyewe wa kila juma: ukuta wa bwawa la topesumu. Mstari huo ulikuwa umesogezwa mbele mara mbili katika mwezi ule, kwa kuwa hakuna aliyepiga simu kuulizia ukuta. Ndege zilizokuwa nzima ni mbili. Warushaji ni watatu.

Usiku ule mvua kubwa ilinyesha. Mtu yule alilala macho wazi akisikiliza bati. Alikumbuka tarehe 7 Novemba 2022, siku ambayo ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, na tope likashuka juu ya mashamba na kufikia makazi ya watu katika nchi aliyozaliwa. Hakuwa na sababu ya kuudhania mabaya ukuta wa mgodi wake. Alijua tu kwamba ukuta hauna simu, na kwamba kitu kisichokuwa na simu alikuwa amekinyima zamu mara mbili.

Alfajiri aliamka akafuta ratiba. Aliandika ukuta kwanza, mlipuko wa pili, marundo kesho yake. Ndipo alipoona kwamba mrushaji aliyekuwa zamu, kijana hodari kuliko wenzake, alikuwa amekuja na macho mekundu. Alikuwa amekesha na mtoto mgonjwa, naye hakusema neno, maana siku isiyo ya kuruka haina posho. Mpangaji alimwita kando.

"Kaka, niache niruke," kijana alisema. "Mkono wangu unaijua kazi hii hata nikifumba macho."

"Ndiyo sababu sikuruhusu, mdogo wangu," mpangaji alijibu. "Leo ungeifanya kwa kufumba macho kweli."

Kijana aliondoka na uchungu, na uchungu wake ulikuwa wa haki, kwa kuwa mtoto mgonjwa huongeza gharama na hapunguzi. Mpangaji aliandika jina la mwingine, mwepesi kidogo wa uzoefu lakini aliyelala. Saa tatu asubuhi simu ilianza kulia. Wakubwa waliuliza kwa nini marundo hayakupimwa, na nani alimpa mamlaka ya kuchelewesha hesabu ya mwezi. Aliwajibu kwa heshima kwamba rundo la mawe likingoja siku moja hubaki rundo la mawe. Jibu hilo halikuwapendeza.

Droni iliuzunguka ukuta wote, ikarudi na picha zake. Zilipounganishwa ukuta ulionekana mzima, haukuwa na ufa wala unyevu usio wa kawaida, na mwinamo wake ulikuwa vile vile kama wa mwezi uliopita. Hapakuwa na tukio. Hakuna aliyekuja kumshukuru mpangaji kwa ukuta uliosimama, kama vile hakuna amshukuruye bawabu kwa mwizi ambaye hakuja. Faili lake lilipata barua ya kumwonya juu ya hesabu iliyochelewa. Mwezi uliofuata aliomba, kwa maandishi, kwamba siku ya kutoruka kwa sababu ya uchovu isimnyime mrushaji posho yake. Jibu la ombi hilo lilikawia. Alianza tena kuandika kila jioni, na mstari wa ukuta hakuusogeza tena.

Huenda msomaji akasema kwamba mtu huyo alipoteza siku moja ya kazi bure. Hilo ni kweli kwa mwenye kupima kazi kwa yaliyotokea. Kazi ya mpangaji, lakini, hupimwa kwa yale ambayo hayakutokea, na kipimo hicho hakionekani katika hesabu ya mwezi. Kila ratiba duniani, ya ndege au ya meli, ya hospitali au ya shule, ina wenye kelele na walio kimya. Wenye kelele ni tarehe ya mwisho, simu ya mkubwa na faida ya kesho. Walio kimya ni ukuta uliolowa, betri iliyochoka, na kijana aliyekesha akaona haya kusema. Wa kwanza hujiita wenyewe kila siku na hawatakosa nafasi. Wa pili wasipoitwa hukaa kimya mpaka siku moja, nao wakisema siku hiyo, hakuna asiyewasikia.

Mzee wa lambo alifariki zamani, na maneno yake hayakuandikwa katika kanuni ya nchi yoyote. Lakini kila jioni, katika chumba kidogo kinachotazama shimo, mtu mwenye mvi za kwanza hushika kalamu na, kabla ya kuandika la mwenye sauti, hujiuliza ni nani leo ambaye hajaita.