Shajara ya Meza ya Tafsiri

Jumatatu, 3 Machi 2025

Wosia wa kurasa nne umenila siku nzima. Jambo lenyewe jepesi: mzee anagawa nyumba, shamba na ng'ombe, basi. Tatizo ni kwamba Kiingereza cha hati hizi hakisemi kitu mara moja. Kichwani tu kuna "will and testament". Aya ya pili, "goods and chattels". Sisi tuna wosia, mmoja, na unatosha.

"Will" ni la wenyeji, Waanglo-Saksoni. "Testament" limetoka Kilatini. "Goods" la wenyeji tena, "chattels" la Kifaransa. Hili la mwisho nimelifuatilia mpaka chai ikapoa. Kilatini kilikuwa na "capitale", mali ya mtu. Wanormani wakaja na "catel" yao, ikaishia kwenye mifugo: "cattle". Matamshi mengine ya Kifaransa yakaleta "chatel", mawakili wakaitia mfukoni. Kisha "capital" ikaingia kivyake, na wenye fedha wakaichukua. Mgeni mmoja kapiga hodi mara tatu na kila mara kapewa chumba kingine: zizini, mahakamani, benki.

Jumanne, 4 Machi

Kijana wetu wa mafunzo kasoma rasimu yangu. "Shikamoo mama. Si waliandika mawili ili mkulima aelewe moja na bwana wa Kinormani aelewe la pili?" Ndivyo inavyoelezwa mara nyingi, na maelezo ni matamu. Nikamwomba anitafutie neno la mkulima ndani ya "null and void", au "cease and desist". Yote manne ni ya Kifaransa. Na "to have and to hold" lote ni la wenyeji. Waanglo-Saksoni walikuwa wakilitaja hivyo kabla Mnormani hajavuka bahari. Kwa hiyo kuoanisha maneno ni tabia ya zamani ya Kiingereza. Kifaransa kilipofika kiliiongezea tu malighafi. Na wakili, akishaona maneno mawili, haachi moja. Anaogopa lile aliloliacha ndilo litakalomshinda mahakamani.

Alhamisi, 6 Machi

Umeme umekatika saa nane, nikapata kufikiri.

Kinachonishangaza ni kwamba hata "law" si la Waanglo-Saksoni. Wamelipata kwa Waskandinavia, watu walewale waliovamia monasteri ya Lindisfarne mwaka 793, kisha wakakaa, wakalima, wakaoa. Maana yake ya asili ni kilichowekwa chini, kilichopangwa. Hukumu ya wenyeji iliitwa "dom". Ipo bado, "doom", ila leo ni maangamizi. Huyu katolewa kitini na aliyekuja kwa jahazi la vita.

Halafu 1066. William wa Normandy anashinda Hastings, na katika karne zinazofuata mahakama inajaa maneno ya watu wake: "judge", "jury", "attorney", "plaintiff", "defendant", "evidence", "prison". Aliyeketi juu na aliyesimama kizimbani wote wakapewa majina ya Kifaransa. Lakini kuiba kukabaki "steal", kiapo "oath", hatia "guilt", na mti wa kunyongea "gallows". Mwizi wa kijijini alifanya "theft". Ikifika kwenye hati, imekuwa "larceny". Ningependa kusema mpaka uko wazi hivyo, maneno ya tendo ya wenyeji na ya mamlaka ya wageni, lakini "sheriff" ananiharibia. Huyo ni msimamizi wa jimbo wa Kisaksoni, na Wanormani walimwacha na jina lake. Pengine kwa sababu alikuwa anajua nani anadaiwa kodi.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa nimesoma habari za sheria ya mwaka 1362, enzi za Edward III. Inasema watu hawakijui Kifaransa, hawaelewi yanayosemwa kwa niaba yao wala dhidi yao, hivyo kesi zisemwe kwa Kiingereza na kumbukumbu ziandikwe kwa Kilatini. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Nimecheka peke yangu sebuleni.

Sisi Tanzania, mwaka 2021 Bunge letu lilikifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama, na meza yangu haijapumua tangu hapo. Sicheki sana, basi.

Jumatano, 12 Machi

Kifaransa cha mawakili hakikuitii sheria ile ya Edward. Kiliendelea katika vyuo vyao vya London na kwenye madaftari yao, kikizidi kuchakaa. Kuna taarifa ya mwaka 1631 kutoka Salisbury: mtu aliyekwisha hukumiwa alimrushia Jaji Mkuu Richardson kipande cha tofali. Mwandishi anaanza kwa Kifaransa, mfungwa "ject", lakini tofali linamshinda, anaandika "brickbat". Na kwamba lilimkosa jaji chupuchupu, hilo nalo kwa Kiingereza. Kisha anarudi kwenye Kifaransa chake kueleza mkono wa yule mtu ulivyokatwa na mwenyewe kunyongwa papo hapo, mahakama ikitazama. Maskini ya Mungu, amekufa kwa lugha mbili.

Ilibidi Bunge la Uingereza lipitishe sheria mwaka 1731, ikaanza kutumika 1733, ndipo Kifaransa na Kilatini vikaondoka kwenye kumbukumbu za mahakama. Lugha ikaondoka, msamiati ukabaki. Mwanasheria wao Blackstone, akiandika katika miaka ya 1760, alilalamika kwamba watu hawaijui sheria zaidi ya zamani. Namwamini. Ukiandika "mortgage" kwa herufi za Kiingereza bado ni Kifaransa, dhamana iliyokufa. Mkopaji asipolipa, ardhi imemfia. Akilipa, dhamana imemfia mkopeshaji. Mdaiwa wa Yorkshire angejuaje?

Ijumaa, 14 Machi

Orodha ya leo, ya kumwonyesha kijana: jaji, kesi, jela. Tumezipata kwa Waingereza, nao kwa Wafaransa, nao kwa Kilatini. Jela ilikuwa tundu dogo, kizimba. Hakimu, wakili, dhamana, rehani, batili: Kiarabu. Katika chumba kimoja cha mahakama ya mwanzo hapa kwetu tumekalisha Roma na Uarabuni benchi moja, na hakuna anayegeuka kutazama.

Wosia umerudi kutoka kwa wakili msomi. Ameweka alama nyekundu penye "batili". Anataka "batili na usio na nguvu yoyote kisheria", maana mteja akiona neno moja atadhani kuna lililosahaulika. Nimempigia. Nimemwambia batili imekwisha kufa, haihitaji kuuawa tena. Akasema, "Mama, Mwingereza kaandika mawili." Tumekubaliana: wosia utabaki mmoja, "goods and chattels" zitakuwa mali zinazohamishika, na batili nimemwachia mkia wake. Kurasa sasa ni tano.