Picha haikai ndani ya seli

Wadau, wengi wenu mnanijua kwa zile video za soko la ngamia na za joto la Garissa. Leo hakuna video. Leo ni story ya Excel, na tafadhali usipite haraka, kwa sababu ni story ya jinsi nilivyowapa wasichana 41 nyuso za watu wengine kwa mstari mmoja wa msimbo, halafu nikalala fofofo usiku huo.

Ilikuwa Januari, shule zikikaribia kufunguliwa. Kuna kamati moja ya mtaa, sitaitaja, inayochangisha pesa za karo kwa watoto wanaoingia sekondari. Adeer mmoja wa hiyo kamati alisikia kwamba najua kompyuta. Huku kwetu ukijua kompyuta, watu hawakuulizi kama ulimaliza chuo, na ni afadhali, kwa sababu mimi niliacha mwaka wa pili. Python nilijifunza mwenyewe, kwenye laptop ya mkono wa pili, usiku umeme ukiwa mzuri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: majina ya watoto 140 yako kwenye faili moja ya Excel, wasichana 72 kwenye karatasi ya kwanza na wavulana 68 kwenye ya pili. Picha zao ziko WhatsApp, zimetumwa na walimu. Wanataka orodha moja yenye jina, shule, na picha kando ya kila jina, ndio siku ya kugawa barua za karo wajue anayechukua ni mwenyewe. Malipo ni shilingi 6,000.

Ukifanya kwa mkono, unaingiza picha, unaivuta, unaipunguza, unaisukuma ikae sawa na jina. Mara 140. Nikasema, buda, hii ni kazi ya skripti. Nikabadilisha jina la kila picha liwe namba ya mwanafunzi, kisha nikatumia openpyxl, ile maktaba ya Python ya kuandika faili za Excel. Kwa kila mstari inasoma namba, inatafuta picha yenye hiyo namba, inaiweka kwenye kolamu C. Amri ni fupi tu: `ws.add_image(picha, "C2")`. Ikamaliza kabla chai haijapoa. Nikakagua nyuso zote moja moja, zikakaa sawa. Nikajiona bosi.

Usiku saa nne adeer akapiga simu. "Abow, yule msichana wa namba 31 ameandikwa mara mbili. Mtoe." Namba 31 iko mstari wa 32, kwa sababu mstari wa kwanza ni vichwa. Nikafungua ile faili tayari kwa openpyxl, nikaandika `ws.delete_rows(32)`, nikarekebisha namba, nikahifadhi, nikatuma. Niliangalia mwanzo wa orodha, nikaona wasichana wa kwanza wako sawa. Sikushuka hadi chini.

Asubuhi nilienda pale ukumbini na simu yangu nirekodi content. Foleni ya wasichana na mama zao, orodha imeshachapishwa kwa rangi kwenye cyber moja ya Soko Mugdi. Thelathini wa kwanza walipita vizuri. Wa 31 akafika mezani. Kijana aliyeshika orodha akamtazama, akatazama karatasi, akamtazama tena.

"Huyu si wewe."

"Ni mimi," msichana akasema, kwa sauti ya mtu anayeanza kuwa na shaka.

Wakamwomba akae kando. Wa 32 pia akawekwa kando. Wa 33 pia. Hapo ndio tumbo likaanza kuniuma. Nilichukua karatasi, nikaona kila mmoja ana uso wa yule aliyekuwa juu yake kwenye orodha. Wote wamevaa hijabu nyeupe za shule, kwa hivyo kwa mbali hakuna kitu kinachokushtua. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Chini kabisa, mstari wa 73, kulikuwa na picha moja ya msichana anayetabasamu, na kando yake hakuna jina. Hiyo picha ilikuwa inaniita tangu usiku, na mimi sikushuka kuiona.

Sasa nieleze ilivyotokea, kwa sababu karibu kila mtu anayeanza hii kazi huangukia hapa.

Tunasema "weka picha kwenye seli C2", lakini picha haiko kwenye seli. Faili ya .xlsx ni zip tu. Chukua nakala yake, badilisha mwisho wa jina iwe .zip, uifungue. Maandishi yako sehemu moja, picha ziko kwenye folda ya `xl/media`, na kuna faili nyingine kwenye `xl/drawings` inayosema kila picha itie nanga wapi: kolamu gani, mstari gani. Yaani picha inaelea juu ya jedwali kama mashua juu ya Tana, na kamba imefungwa kwenye nguzo moja ya ukingoni. Seli haijui kama kuna picha juu yake.

Nilipofuta mstari wa 32, openpyxl ilipandisha majina yote ya chini hatua moja. Nanga za picha haikuzigusa, kwa sababu amri hiyo inasogeza seli tu. Majina 41 yakapanda, nyuso zikabaki pale pale. Urefu wa mistari nao ulikuwa sawa kote, kwa hivyo hata jicho halikupata kitu cha kukwaza. Na hakuna ujumbe wa kosa. Kompyuta haikulalamika hata kidogo, ilifanya nilichoiambia.

Nilikimbia nyumbani na bodaboda. Nikatoa yule msichana kwenye orodha ya majina yenyewe, ile isiyo na picha, nikaendesha skripti upya kutoka mwanzo, nikashuka hadi mstari wa mwisho, nikachapisha tena. Ilichukua kama saa moja. Niliporudi nilimkuta mama wa yule wa 31 amekaa chini ya mwarobaini, ameshatuma mtu nyumbani kuleta cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nikamwambia hooyo, nisamehe, kosa ni langu, si la mtoto wako.

Hakunigombeza. Alipumua tu, akasema, "Hooyo, nilidhani ni ile mambo ya kipande tena."

Kama hujakulia huku, hiyo sentensi inaweza kukupita. Mwaka 1989 serikali iliwapanga Wasomali wa Kenya foleni, ikawahoji wathibitishe uraia wao, waliofaulu wakapewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho cha kawaida. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa kuanzia 1991, na ukame ukipiga, familia nyingi za Kenya ziliandikisha watoto kama wakimbizi ili wapate chakula. Hao watoto wakafika miaka 18, wakaenda kuomba kitambulisho, alama za vidole zikaonekana kwenye orodha ya wakimbizi. Wakaambiwa wewe si Mkenya. Abti yangu ni mmoja wao. Amekaa miaka mingi bila laini ya simu ya jina lake, bila akaunti ya benki, akisafiri Nairobi kwa kuomba Mungu kwenye kila kizuizi cha polisi. Februari 2025 rais alitangaza Wajir kwamba kule kupigwa msasa kwa ziada kabla ya kupata kitambulisho kumeisha. Sawa, tumesikia. Lakini mama aliyelelewa na foleni hizo akiona mtoto wake anaambiwa "huyu si wewe", hafikirii Excel. Anafikiria orodha.

Na hiyo orodha safari hii niliitengeneza mimi. Kijana wa hapa hapa, anayeongea lugha yake.

Kwa hivyo, kwa wale wanaoniuliza DM jinsi ya kufanya hii kazi, hivi ndivyo ninavyofanya siku hizi.

Kwanza, faili yenye picha hairekebishwi. Ni kama mkate uliookwa, ukikosea unga unakanda upya. Mabadiliko yote yanafanyika kwenye data ya asili, ambapo namba ya mwanafunzi na jina la picha viko mstari mmoja, halafu skripti inajenga faili mpya. Ndio maana nilihamia XlsxWriter. Hiyo maktaba haiwezi kufungua faili ya zamani, inaandika mpya tu. Zamani niliona ni udhaifu. Sasa naona ni adabu.

Pili, picha iwe ndogo kuliko seli yake, isiguse mpaka. Ikivuka, mtu mwingine akipanga orodha kwa shule au kwa alfabeti ndani ya Excel, picha inaweza kubaki nyuma. Tatizo ni kwamba kila kitu kina kipimo chake. Picha ni pikseli. Urefu wa mstari ni pointi, na pointi 15 ni pikseli 20. Upana wa kolamu ni idadi ya herufi: kwa fonti ya kawaida ya Calibri 11, zidisha kwa 7 uongeze 5 upate pikseli. Mimi nafanya picha pikseli 90 kwa 110, mstari pointi 90, yaani pikseli 120, na kolamu upana 14, yaani pikseli 103. Inabaki nafasi ya kupumua. Ukitaka kuisogeza kidogo kutoka kona, nanga yenyewe hupimwa kwa EMU, na pikseli moja ni EMU 9,525. Na ndani ya nanga mistari inahesabiwa kuanzia sifuri, kwa hivyo mstari wa 32 unaandikwa 31. Hapo pia watu hulia.

Tatu, punguza picha yenyewe kabla ya kuiingiza. Ukiambia Excel tu iionyeshe ndogo, ile kubwa bado imo ndani, na faili itakataa kwenda kwa email. Pillow inafanya hiyo kazi, na `ImageOps.exif_transpose` inasimamisha picha za simu zinazolala ubavu. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza pia kubeba mahali ilipopigwa. Hao ni watoto. Hakikisha hiyo taarifa haimo.

Excel mpya zina njia ya kuweka picha ndani ya seli kabisa, na XlsxWriter inaifanya kwa `embed_image`. Hiyo picha inafuata mstari wake popote. Lakini Excel ya zamani itaonyesha kosa badala ya uso, na cyber nyingi za hapa bado ziko huko. Jua faili itafunguliwa wapi kabla ya kuchagua.

La mwisho si la msimbo. Shuka hadi chini. Kila mara. Halafu chagua nyuso tano katikati, uulize mtu anayewajua: huyu ni nani?

Wasichana wote 71 walipata barua zao siku hiyo. Wa 31 nilimuona tena juzi karibu na daraja, na sare mpya. Akanicheka, akaniuliza, "Leo mimi ni nani?"

Nikamtajia jina lake lote matatu. Nadhani sitalisahau.

Ile video sikuipandisha. Kama wewe pia umewahi kuambiwa "huyu si wewe" kwenye foleni fulani, niandikie hapo chini.